Kabati la jikoni: toka mwaloni wa Frankfurt mpaka libuyu ya kwetu

Tangu kambi za Bulengo na Lushagala zibomolewe mwezi wa Februari 2025, familia nyingi zimekuwa zikianza nyumba upya. Mtu anaanza na bati, anafuata mlango na kufuli. Jiko huja mwisho kabisa. Lakini mama wa nyumba ndiye anayejua hasara ya kuchelewa huko: unga wa muhogo uko chini ndani ya mfuko, panya wameutoboa, sahani ziko kwenye beseni, mafuta ya mawese yamepinduliwa na mtoto.

Siku seremala anapoitwa, maswali yanakuwa mengi. Anauliza: mama, tutie libuyu? Mkaratusi? Tripleksi? Ao tununue ile pano yenye kung'aa inayotoka ng'ambo? Bei hazifanani hata kidogo, na kila muuzaji anasifu yake. Leo nimeona heri tuangalie vitu hivi vilitoka wapi, maana vingi havikuzaliwa dukani. Vilizaliwa wakati watu hawana nyumba, ao wakati mbao zimekosekana kwa sababu ya vita. Habari hiyo inatuhusu sana.

Kwanza tukumbuke ya kwetu. Jiko la mababu lilikuwa kibanda cha pembeni, na juu ya mafiga matatu kulikuwa na dari ya fito ao mianzi. Huko juu ndiko mbegu za maharagi, magunzi ya mahindi na vikapu viliwekwa. Moshi ulizipiga kila siku, na wadudu hawakupenda moshi. Fito zikawa nyeusi kama lami na zikadumu miaka mingi bila kutobolewa. Macho na vifua vya mama zetu ndivyo vilivyolipa, hilo tusilifiche. Halafu watu wakaingia mjini, kuni zikaachwa, mbabula na makala vikachukua nafasi. Moshi ukapungua, na ulinzi wa moshi ukapungua pia. Kuanzia hapo chakula kikahitaji sanduku lenye mlango.

Ulaya nako kabati la jikoni la namna tunayoiona kwenye picha si la zamani sana. Baada ya vita vya kwanza vya dunia, Ujerumani ilikuwa na upungufu mkubwa wa nyumba. Mji wa Frankfurt ukamweka Ernst May mwaka 1925 kusimamia ujenzi, ajenge haraka na kwa bei ambayo mfanyakazi anaweza. Nyumba zikawa ndogo. Kabla ya hapo familia ya mfanyakazi ilikuwa na kabati zito la vyombo ambalo lilihama pamoja naye kila alipohama. Ndani ya nyumba ndogo mpya, kabati kama hilo lingekula nusu ya chumba.

Kazi ya jiko akapewa Margarete Schütte-Lihotzky, mwanamke msanifu wa majengo aliyezaliwa Vienna mwaka 1897. Mwenyewe alisema baadaye kwamba wakati ule hakuwa na mazoea ya kupika wala kuendesha nyumba. Basi akafanya kama mtu wa kiwanda: akahesabu hatua, akapima mikono inafika wapi, akaangalia majiko membamba ya mabehewa ya reli ambamo watu wachache hupikia abiria wengi. Mwaka 1926 jiko lake likawa tayari. Lilikuwa na upana wa karibu mita 1.9 na urefu wa mita 3.4. Kwa mara ya kwanza kabati, sinki, meza ya kukatia na ubao wa kupigia pasi vilitengenezwa vyote pamoja kiwandani na kufungwa ndani ya nyumba kabla mpangaji hajaingia. Majiko karibu 10,000 ya namna hiyo yalifungwa Frankfurt. Mpangaji hakuyanunua: gharama iliingia ndani ya kodi.

Watu wengi wakilizungumzia jiko hilo hutaja hatua na saa. Mimi ninachopenda zaidi ni jinsi alivyochagua vitu vya kutengenezea. Hakutumia mbao moja kila mahali. Droo ya unga aliifanya kwa mwaloni, mti ule ule tunaousikia kwenye Biblia. Sababu si uzuri wake. Mwaloni una tanini nyingi, ile dawa chungu inayopatikana pia kwenye majani ya chai na kwenye maganda ya miti yanayotumiwa kulainisha ngozi za wanyama, na funza wa unga hawaipendi. Meza ya kukatia aliifanya kwa mti mgumu usioingiza kisu upesi. Sukari, mchele na vikavu vingine vilikaa ndani ya vidroo vya alumini vyenye mdomo, unavuta na kumimina moja kwa moja ndani ya sufuria. Milango ya kabati ilipakwa rangi ya samawati yenye kukaribia kijani, kwa sababu wataalamu wa wakati ule walisema inzi hawatui kwenye rangi hiyo. Na kabati zenyewe hazikukaa sakafuni: chini yake kulikuwa na kiti cha saruji kilichoingia ndani kidogo, ili vidole vya miguu vipate nafasi na ufagio upite bila kubakiza uchafu.

Kwa kila kitu alichagua mbao, chuma ao rangi kwa kuangalia kitakachowekwa ndani na adui wa kitu hicho. Hiyo ndiyo hesabu ambayo maseremala wetu wengi hawaifanyi. Wanatengeneza kabati zima kwa mbao moja, halafu wanapaka vernisi ing'ae mbele.

Jiko hilo lilikuwa na ubaya wake pia, na wenyeji waliusema. Ilikuwa kazi ya mtu mmoja. Wawili hawapishani. Mlango wa kuteleza uliwekwa ili mama aweze kuona watoto wakiwa chumba cha pili, lakini bibi, shangazi na binti hawakuwa na mahali pa kusimama. Fikiria kupika bugali na sombe ya msiba ndani ya chumba kile!

Kuna jambo moja ambalo wengi hapa hawalijui. Yule Ernst May, baada ya kufanya kazi Umoja wa Sovieti, hakuweza kurudi Ujerumani ya Hitler. Mwaka 1934 akaja Afrika ya Mashariki, akalima shamba Tanganyika, halafu akafanya kazi ya usanifu Nairobi, na miaka ya 1940 akachora mpango wa kupanua mji wa Kampala. Alirudi kwao mwaka 1953 tu. Kumbe bwana wa jiko la Frankfurt alikuwa mkimbizi upande wetu huu karibu miaka ishirini. Schütte-Lihotzky naye alijiunga na watu waliompinga Hitler. Alikamatwa Vienna mwaka 1941 na akakaa gerezani mpaka majeshi ya Marekani yalipofika mwaka 1945. Alifariki Januari 2000, siku chache kabla ya kufikisha miaka 103.

Vita vya pili vilileta vitu vingine. Uingereza ilikuwa imepigwa mabomu na watu hawakuwa na pa kulala. Serikali ikajenga nyumba za muda zaidi ya 150,000, nyingi zikiwa na kabati za jikoni za chuma zilizotoka kiwandani tayari. Aina moja ilikuwa ya alumini na ilitengenezwa na viwanda vilivyokuwa vikitengeneza ndege za vita. Iliambiwa zitadumu miaka kumi. Huko Catford, London, mtaa mzima wa nyumba hizo ulikuwa bado unakaliwa na watu baada ya zaidi ya miaka sitini. Ninyi mliopewa hema la miezi sita mkakaa ndani yake miaka mitatu, mnajua neno "la muda" maana yake nini.

Kabati la chuma lingeweza kutufaa sisi kwa sababu ya panya. Lakini tunaishi chini ya Nyiragongo. Moshi wa volkano unaingia ndani ya mvua na kuifanya kali, na kila mwenye nyumba upande huu ameona jinsi bati jipya linavyopata kutu upesi. Bawaba na misumari navyo hupata shida hiyo. Chuma kisichopakwa rangi vizuri si cha kununua hapa, hata kikiwa cha bei rahisi.

Sasa tufike kwenye ile pano yenye kung'aa, maana ndiyo inayodanganya watu wengi. Ukiikata, ndani hakuna mbao. Kuna vumbi na vipande vya mbao vilivyoshikwa na gundi na kukandamizwa kwa moto, halafu juu kikabandikwa kifuniko cha melamini ao karatasi yenye picha ya mbao. Ilianza Ujerumani, na anayetajwa zaidi ni Max Himmelheber, rubani wa ndege za vita aliyekuwa pia mjuzi wa mbao. Kiwanda cha kwanza kilianza Bremen mwaka 1941, wakati mbao nzuri zilikuwa haba. Fikira yenyewe ilikuwa ya akili: mti mmoja ukipasuliwa kwa kawaida, sehemu kubwa inabaki takataka. Kwa nini takataka hizo zisiwe ubao?

Baada ya vita, pano hiyo ikaenea dunia nzima kwa sababu ni rahisi, imenyooka, haipindi kama ubao mbichi. Shida zake ni mbili. Ya kwanza ni maji. Ikilowa kwenye ukingo, inavimba kama mkate ndani ya chai, na haitarudi. Nyumba yenye bomba na sakafu ya marumaru inaweza kuvumilia. Nyumba ambamo maji yanaletwa na bidoni, yanamwagika mlangoni kila asubuhi, haiwezi.

Shida ya pili haionekani. Gundi nyingi za pano hizo zina formaldehaidi, hewa kali inayotoka polepole kwa miezi na hata miaka. Ni ile harufu inayochoma macho ukifungua kabati jipya. Joto na unyevu vinaifanya itoke zaidi, na inatoka hasa kwenye kingo ambazo hazikufunikwa. Mwaka 2004 shirika la utafiti wa kansa lililo chini ya OMS liliiweka kwenye kundi la vitu ambavyo imethibitika vinaleta kansa kwa binadamu.

Waliolipa somo hilo walikuwa wahamishwa kama ninyi. Agosti 2005 tufani Katrina iliharibu New Orleans na pwani ya kusini ya Marekani. Serikali ikawapa waliopoteza nyumba magari ya kulala, yenye kitanda, meza na jiko dogo lenye kabati za pano. Nafasi ndogo, madirisha yamefungwa, joto kali. Watu wakaanza kulalamika: macho yanawasha, kichwa kinauma, pua zinatoka damu, watoto wanapata shida ya kupumua. Malalamiko yao yalikaa muda mrefu bila kusikilizwa vizuri. Mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008 wataalamu wa afya wa serikali walipima magari 519 wakakuta wastani wa sehemu 77 za formaldehaidi kwa kila sehemu bilioni moja za hewa, kiasi kilichozidi sana kile cha nyumba za kawaida. Familia zikatakiwa kuhama tena. Mwaka 2010 ndipo Marekani ikatunga sheria ya kuweka kipimo cha hewa hiyo kwenye mbao za gundi.

Siogopeshi mtu asinunue pano kabisa. Lakini chumba kimoja chenye watoto watano wanaolala humo humo si mahali pa kabati la pano lililofunguka kingo. Ukiwa nayo tayari, liache nje kwenye hewa siku nyingi kabla ya kuliingiza, na zibeni kingo zote kwa rangi.

Tripleksi ni jambo lingine, ingawa wengi huichanganya na pano. Jina lenyewe linasema: tabaka tatu ao zaidi za mbao nyembamba, moja imelala kwa urefu na ya pili kwa upana, ili ubao usipasuke wala kupinda. Zamani gundi yake iliyeyuka kwa maji. Miaka ya 1930 huko Marekani ikapatikana gundi isiyoogopa maji, na tangu hapo tripleksi nzuri inaweza kulowa na kukauka bila kuachana. Sokoni kwetu ziko za namna zote mbili na kwa macho zinafanana. Omba kipande kidogo, kitie ndani ya maji ya moto usiku mzima. Kikiachana asubuhi, umejua.

Bakia mbao halisi. Goma ni mji wa mbao, na hilo nalo lina historia. Udongo wetu ni mawe ya volkano, kuchimba msingi ni gharama. Kiwanja kinaweza kuwa bila hati. Nyumba ya mbao inajengwa kwa siku chache, inavunjwa na kuhamishwa, na tetemeko likija haiangukii watu kama matofali. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji mpaka ziwani, watu karibu 120,000 wakabaki bila makao. Mashirika yaligawa mabati na mbao, na nyumba zikasimama tena juu ya mawe ambayo bado yalikuwa na joto. Tarehe 22 Mei 2021 ulirudi, ukasimama upande wa Buhene, na siku chache baadaye mamia ya maelfu ya watu walikimbilia Sake, Rutshuru, Bukavu na Rwanda.

Libuyu, ile mbao nyekundu inayotoka misitu ya upande wa Beni, Mambasa na Walikale, ndiyo kila mtu anataka. Ni ngumu kiasi, inakaa vizuri, inashika skrubu. Lakini iko mbali, barabara haina uhakika, na kila kizuizi kilichoko njiani kinaongeza kitu kwenye bei ya ubao. Mti wake unakua miaka mingi kuliko maisha ya aliyeukata. Mkaratusi unapandwa hapa karibu na unakua haraka. Ubaya wake ni kupasuka na kupinda wakati wa kukauka. Maseremala wanaulaumu mti, lakini kosa mara nyingi ni la haraka: ubao ulipasuliwa kwa msumeno wiki iliyopita, leo tayari ni mlango. Upangeni ubao kivulini, weka vijiti katikati ya ubao na ubao ili hewa ipite, paka rangi kwenye ncha zake, ungoje miezi. Ubao mbichi unaujua kwa uzito wake na kwa baridi yake ukiuweka shavuni.

Mimi ningefanya kama yule mama wa Vienna, kwa kuchanganya. Miguu na fremu kwa mkaratusi uliokauka, au libuyu kama mfuko unaruhusu. Migongo na rafu kwa tripleksi iliyojaribiwa. Unga usikae kwenye ubao kabisa, ukae ndani ya ndoo ao bidoni yenye kifuniko inayofunga vizuri, ndani ya kabati. Chini ya miguu wekeni mawe yetu ya volkano yaliyosawazishwa na saruji kidogo, maji yapite chini bila kugusa mbao. Mawe hayo hatuyanunui.

Wengi wanatumia mbao za paleti za mizigo, na si vibaya. Angalieni muhuri uliochomwa pembeni. Herufi HT maana yake mbao zilitibiwa kwa moto, hizo zinafaa. Herufi MB maana yake zilipigwa sumu ya gesi ya kuua wadudu. Hizo zisiingie jikoni, wala zisichomwe ndani ya mbabula. Na yale mafuta machafu ya vidanje tunayopaka kwenye kuta za nje ili mbao zisioze, tafadhali, yasipakwe kwenye kabati la chakula hata kidogo.

Kuhusu kufunga kabati ukutani, mtanisamehe nikiachana na Frankfurt. Kabati lililopigiliwa ukutani linamfaa mtu mwenye hati ya kiwanja na asiyewahi kukimbia usiku. Kwa familia iliyohama mara tatu tangu 2022, mwambieni seremala atumie bolti na skrubu mahali pa misumari, na vipande visiwe virefu kuliko mtu mzima anavyoweza kubeba kichwani ao kufunga kwenye chukudu. Skrubu zinazidi misumari bei. Ila kabati la misumari ukilivunja mara moja, unabaki na kuni. Lile la bolti mnalifungua kwa ufunguo mmoja, mnafunga mbao kwa kamba, na mnajua mkifika huko kila ubao unakwenda wapi kama mliupa namba.